Mgomo wa Akiba ya Uzeeni

Barabara ya Wilga, Nambari 9,
Corrimal,
New South Wales.
Jumapili, 30 Mei 2010

Mpendwa mdogo wangu Glenys,

Salamu nyingi kutoka huku bara, zivuke maji zikufikie zingali na joto, maana redio inasema Tasmania mmeshaanza kuamkia sakitu, umande ulioganda. Habari za tangu Pasaka? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujidanganya kwamba ni moshi wa kuni? Nenda kwa daktari. Usifanye kama mama, aliyeugua kwa adabu mpaka akafa.

Sisi huku tu wazima kiasi cha kusimama. Goti langu linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Shemeji yako Errol bega lake ndilo lilelile, na mkono wa kulia sasa haupandi kupita kidevu. Ananyoa kwa mkono wa kushoto, na uso wake ukiuona utadhani ni shamba lililolimwa na mlevi. Bado anashuka mgodini kila asubuhi. Miaka sitini na minne, Glenys, na bado anashuka.

Asante kwa jemu ya tufaha. Tumeimaliza kwa siku chache, aibu tupu. Asante pia kwa picha ya nyumba ya kijani ya marehemu mzee Allport. Nimeibandika kwenye mlango wa friji, na kila nikienda kuchukua maziwa nahesabu hatua za kutoka mlango ule hadi kwako. Nyumba mbili tu! Tungeweza kuazimana chumvi bila kuvaa viatu.

Umeniuliza mara mbili tunakuja lini, na mara zote mbili nimekujibu habari za hali ya hewa. Leo nitakujibu. Errol yuko klabu ya mchezo wa tufe, kwenye mkutano wa wenzake, na akirudi nitajua kama tunakuja kwa kuchelewa au hatuji kabisa. Naandika huku nangoja. Barua hii itakuwa ndefu, kwa hiyo jiwekee chai.

Kwenye simu haya hayasemeki, yeye akiwa amekaa palepale akijifanya anasoma gazeti.

Unajua kwamba hatuna kingine. Nyumba yetu tuliiuza kumwokoa mwanetu Craig na lile duka lake la vifaa vya uvuvi, duka likafa vilevile, na hii tunayokaa ni ya kupanga. Kwa hiyo uzee wetu wote umo katika ile akiba ya Errol kwenye mfuko wa pensheni. Na mfuko humruhusu kila mtu achague mwenyewe: fedha zake zikae kwenye hisa, zipande na kushuka na soko, au zikae taslimu, zilale tu kama gunia ghalani. Miaka thelathini Errol hakujua hata kama kuna kuchagua. Zilikuwa kwenye hisa, zikazaa, sisi tukalala usingizi. Kisha likaja lile anguko la mwaka juzi, na kila taarifa ya habari ikawa kama tangazo la msiba. Kufikia Machi ya mwaka jana zaidi ya theluthi ilikuwa imeyeyuka.

Sasa hapa ndipo panaponitia hasira hadi leo. Watu wengine wakiogopa huogopa kila mtu na mkewe, chumbani kwao. Wetu huogopa kwa kikao.

Lile bafu la mgodini ulilisikia kwa baba. Wanaume wakipanda juu, weusi tititi, huoga pamoja na kila mmoja humsugua mwenzake mgongo, kwa sababu vumbi la makaa huwezi kulifikia mwenyewe. Errol na mwenzake wa zamu Vlado wamesuguana migongo miaka ishirini na mbili. Ndoa ngapi unazozijua zimefika huko?

Basi ni bafuni humo ambamo Lindsay Tregear alipanda juu ya benchi. Lindsay ndiye katibu wao wa chama, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio bonde la pili, na ni mwaminifu, hilo simnyimi. Akawaambia kwamba soko linatula kila siku na sisi tumekaa tu tunaliwa. Mfanyakazi akidhulumiwa silaha yake ni moja, nayo ni kutoka. Tutoke kwenye hisa sote, kwa siku moja, twende taslimu. Wanaume kumi na mmoja, uchi kama walivyozaliwa, wakainua mikono yenye povu. Hakuna aliyepinga.

Errol alirudi nyumbani anang'aa. Alisimama hapa jikoni akasema, "Tumetoka," kama alivyokuwa akisema enzi za migomo, wakati watoto ni wadogo na tunakula kabichi mfululizo. Nilimwona yule kijana aliyenioa. Ndiyo maana sikupiga kelele. Nilimuuliza swali moja tu.

"Errol, mgomo una mwajiri. Huyu mnayemgomea ni nani?"

"Soko."

"Na soko limeambiwa kwamba mmetoka?"

Akasema nina ulimi wa mama yangu, akaenda kumwagilia nyanya.

Kama ilivyo ada yao, wakaweka na masharti ya kurudi. Hawarudi kwenye hisa mpaka ipite miezi mitatu mfululizo bila juma moja baya, na hata hapo hakuna kurudi ila kwa kura, wote pamoja. Mimi si msomi wa mambo ya fedha, lakini soko gani hapa duniani litapita miezi mitatu bila juma baya? Hata ndoa haipiti.

Walitoka wakati ambao soko lilikuwa limegusa chini kabisa. Usidhani natia chumvi. Hawajamaliza kupongezana, likaanza kupanda. Likapanda Aprili, likapanda Mei, likapanda Juni. Kila mara likiteleza kidogo, Lindsay anasema mnaona, linatutega, na hesabu ya miezi mitatu inaanza upya. Akiba yetu, ile theluthi mbili iliyobaki, imelala ghalani. Tulikuwa tumeshuka na kila mtu, na sasa kila mtu anapanda bila sisi.

Mchana mmoja wa Julai, wiki aliyokuwa zamu ya usiku, nilimkuta ukumbini ameshika simu. Namba ya mfuko ameiandika kiganjani kama mtoto wa shule. Nilisimama mlangoni na bakuli la viazi, sithubutu hata kupumua. Nilisikia ule muziki wa kumngojesha mtu, ukapigwa, ukapigwa. Kisha sauti ya msichana ikasema halo, naye akakata.

"Siwezi, mama," akasema. Alijua nipo.

"Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Halafu nitaingiaje bafuni? Nani atanisugua mgongo?"

Unaweza kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua na najua mji huu. Unamkumbuka Kerslake? Humkumbuki, hata mimi sikumwona, alikuwa jirani wa babu yake Errol. Katika ule mgomo mkubwa wa zama zao alirudi kazini kabla ya kura, mtoto wake akiwa mgonjwa. Kerslake amekufa. Mwanawe amekufa. Mjukuu wake ana duka la rangi hapa karibu, mtu mpole asiyepata kushika sururu maisha yake yote, na wazee wakimtaja husema yule mjukuu wa msaliti. Errol huenda hadi mji wa Wollongong kununua rangi.

Kwa hiyo aliiweka simu chini, na tukala viazi.

Ngoja nikupe habari nyingine kidogo, nipumue. Mjukuu wetu, mtoto wa Janelle, ameanza kutembea, na kila anapoanguka anatazama kwanza kama kuna mtu wa kumlilia. Upepo wa magharibi umeangusha uzio upande wa jirani zetu kina Dawn. Na yule ndege magpai aliyekuwa akimshambulia tarishi wa posta kila majira ya kuchipua ameanza mapema mwaka huu. Tarishi sasa anavaa ndoo ya aiskrimu kichwani na hajali tena heshima yake.

Nimemtaja Dawn, basi nimalizie. Mumewe Trev alikuwa mgodi uleule mpaka alipostaafu, na ni mvivu kiasi kwamba barua za mfuko hakuwahi hata kuzifungua. Zilikuwa zikiwekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Anguko lilipokuja hakutoka kwenye hisa, lilipokwisha hakurudi, kwa sababu hakujua chochote. Amerudishiwa sehemu kubwa ya kilichopotea. Wamenunua karavani, kile kinyumba cha kuvutwa na gari, wamekwenda Queensland kuota jua. Mume wangu, ambaye hajakosa zamu kwa uvivu hata siku moja, yuko chini ya ardhi. Nikilifikiria hilo kanisani huwa nasahau nyimbo.

Errol alikuwa astaafu Krismasi iliyopita. Ndivyo tulivyokuambia, nawe ukaenda kuwaomba watoto wa Allport wasiiuze nyumba. Krismasi ikafika, hisa zimepanda kwa nusu tangu walipotoka, na yetu imesimama palepale. Akasema atafanya kazi mwaka mmoja zaidi. Daktari akamwonyesha picha ya bega, akamwambia mwaka mmoja zaidi ndio huu alioumaliza. Errol akamshukuru, akarudi kazini.

Katikati ya Aprili hatimaye wakapiga kura ya kurudi. Si kwamba masharti yalitimia. Lindsay alichoka tu, na baadhi yao walikuwa wameanza kununa. Wakarudi kwenye hisa wote kwa siku moja, kwa bei iliyozidi kwa nusu ile waliyoziuzia siku ile ya bafuni. Waliuza rahisi wakanunua ghali, kwa umoja kamili. Lakini mimi nilisema basi, yaliyopita yamepita, angalau tumo. Nilioka keki. Nilipima mapazia haya ya jikoni nikitazama picha yako, nikakisia madirisha ya Allport.

Keki haijaisha vizuri, ikaja Mei na habari za madeni ya Ugiriki. Soko likaporomoka. Vlado, ambaye kwao ni Masedonia, majirani wasiopatana na Wagiriki, akasema alijua tu Mgiriki hatamwacha astarehe hata akimkimbilia Corrimal. Walicheka, ameniambia Errol. Zaidi ya sehemu moja ya kumi imekwenda kwa majuma sita, na wao wanacheka. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi, na kweli, hawa wanazama huku wameshikana mikono na ngoma inapigwa.

Wiki iliyopita Lindsay amewaita tena. Kura ya leo ni ya kutoka.

Asubuhi hii, baada ya kifungua kinywa, nilizima redio nikakaa mbele ya Errol. Sikumgombeza. Nilimwambia kwamba sijui kesho soko litakwenda wapi, na Lindsay hajui, na yule bwana wa televisheni mwenye tai hajui. Ninachojua ni kwamba walipokimbia mara ile waliikimbia nafuu, na wakitoka leo watarudi tena siku ya ghali. Nikamwambia sitaki karavani. Nataka ukae chini kabla hujavunjika. Nataka nyumba ile ya kijani na mdogo wangu mlango wa tatu. Kama fedha zitapungua, zipungue tukiwa tumezikalia, siyo kila mara tukiruka na kuvunjika mguu. Nikalia kidogo, ingawa nilikuwa nimejiapiza sitalia.

Alikusanya makombo ya mkate kwa kidole. Kisha akasema, "Nimekusikia."

Glenys, katika miaka arobaini na mmoja, maneno hayo ameniambia labda mara tatu. Akavaa lile koti lake la mazishini, nikamsaidia kuingiza mkono wa kulia, akaenda kwa miguu.

Nimesimama kuweka mwana-kondoo kwenye oveni. Nimemenya malenge. Nimetoka nje nikatazama meli za makaa zilivyopanga foleni baharini, nikarudi. Nina matumaini, na nayaogopa.

Amerudi. Utaona mwandiko umebadilika, niwie radhi.

Alikaa bila kuvua koti. Nilimwekea chai, nikangoja anywe.

"Kura imekwendaje?"

"Kutoka. Kumi kwa mmoja."

"Huyo mmoja ni nani?"

Alizungusha kikombe. "Niliinua wa kushoto," akasema. "Huu mwingine haupandi."

Sijapata kumpenda mtu yule kama nilivyompenda dakika ile. Najua walivyo. Najua ni jambo gani kuinua mkono peke yako katika chumba cha watu ambao wamekubeba, nawe umewabeba, kutoka chini ya jiwe. Vlado alimtazama, ameniambia Errol, halafu akatazama sakafu. Lindsay aliuliza mara mbili kama ameelewa swali. Errol aliacha mkono juu.

Nilimshika uso kwa mikono miwili. Nikamwambia vizuri, mume wangu, umeona ukweli na umeusema. Sasa waache watoke, sisi tubaki.

Alinitazama kana kwamba nimemwambia twende tukaibe kanisani.

"Mama, kura imepigwa. Nilipinga, nikashindwa. Kesho napiga simu pamoja na wenzangu."

"Unajua wanakosea?"

"Najua."

"Unajua, na utatoka?"

"Ndiyo maana yake kupiga kura," akasema, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto.

Nimekata tamaa, mdogo wangu. Angekuwa mjinga ningemwelimisha. Angekuwa mkaidi ningempigia kelele mpaka majirani wasikie. Lakini huyu analiona shimo, anawaambia wenzake hili ni shimo, kisha anaingia nao kwa sababu hawezi kuishi juu peke yake. Na mtu huyohuyo ndiye niliyemchagua, kwa sababu hiyohiyo. Mwaka ule mgodi ulipofunika watu, alirudi chini mara tatu wakati wakubwa wanamwambia inatosha, akamtoa Vlado. Siwezi kuidai roho ile ibadilike leo kwa sababu nataka mapazia mapya. Lakini naidai, Glenys. Nimekaa hapa naidai, na hakuna wa kunilipa.

Kwa hiyo jibu lako ni hili. Mwambie kijana wa Allport asitungoje. Mwambie aiuze kwa mtu mwema, mwenye watoto ikiwezekana, usije ukakaa upweke mtaa mzima. Usimweleze sababu, mwambie tu dada yako amebadili mawazo, wanawake hubadili mawazo, ataelewa. Errol ataendelea kushuka mpaka bega likatae kabisa au mgodi umkatae. Baada ya hapo tutaishi kwa pensheni ya serikali na nyumba ya kupanga, kama wengi wanavyoishi, na hatutakufa njaa. Silii kwa njaa. Nalilia zile nyumba mbili zilizokuwa zitutenganishe.

Picha sijaibandua. Nilinyoosha mkono niibandue, nikamkuta Errol amesimama mbele ya friji anaitazama, nikarudi kukaa.

Nisalimie mwanao Rohan na mkewe, na umwambie aache kukupandisha ngazi kusafisha mifereji, yeye ana miguu. Nisalimie Bi Thelma wa kanisani kwenu na umbusu mbwa wako mzee. Janelle anakusalimu, Craig pia angekusalimu kama angepiga simu. Mungu akulinde na baridi na kikohozi, akuwekee jirani mwenye chumvi ya kuazima, na akujalie moyo usiochoka kunisubiri hata pale ninapokuambia usinisubiri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa mbali kwa sababu karibu kumenishinda,

Noelene

N.B. Errol amesoma mpaka hapa, na hakusema neno ila moja. Anasema umwambie kijana wa Allport kwamba lango la nyuma limelegea bawaba ya chini, alitengeneze kabla mnunuzi hajaja kuangalia. Ameliona kwenye picha. Nimelitafuta mimi kwa miwani na sikuliona. Inabidi uitazame picha ile muda mrefu sana.